Kaka anatakiwa kutolewa maji mgongoni mara ya tatu, shangazi amegoma

SWALI

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Kaka yangu ana miaka 38, ni dereva wa lori. Alijua ana virusi vya UKIMWI miaka sita iliyopita na alikuwa anameza dawa vizuri, lakini safari zikamzidi, akaacha kwenda kliniki. Tumekuja kujua juzi kwamba ana miezi minane hajagusa dawa.

Kichwa kilimwanza kama wiki nne zilizopita. Zahanati walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo. Aliporudi wakasema ni taifodi, akachomwa sindano siku tano. Kichwa hakikuacha. Akaanza kutapika, akawa anaona vitu viwili viwili, na usiku mmoja akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, ndipo tukamkimbiza hospitali. Walimpima damu wakasema ana fangasi kwenye ubongo. Siku hiyo hiyo wakamchoma sindano mgongoni wakatoa maji. Jioni yake kichwa kilipoa, akanywa uji, akaniita kwa jina. Baada ya siku mbili kichwa kikarudi. Wakatoa tena, akapata nafuu tena. Sasa kimerudi, na leo asubuhi daktari amesema lazima watoe kwa mara ya tatu, na huenda ikawa kila siku.

Shangazi ndiye mkubwa wetu hapa, na amegoma. Anasema mtoto wa jirani alichomwa mgongo akafa usiku ule ule, na kuna mzee mtaani kwetu alichomwa, mpaka leo anaburuta mguu. Anasema maji ya mgongo yakiisha na mtu ameisha. Amewaambia madaktari wasubiri baba mdogo afike kutoka Handeni kesho kutwa. Kaka mwenyewe hana kauli ya kueleweka kwa sasa. Wifi analia tu.

Kuna mengine mawili. Madaktari wamekataa kumrudishia ARV, wanasema mpaka zipite wiki kadhaa. Si aliugua kwa sababu aliziacha? Wifi ana kopo la zamani nyumbani, anataka kumletea kimya kimya. La mwisho, nyumbani tunafuga njiwa, wapata thelathini, na mtu mmoja ametuambia ugonjwa huu unatoka kwa njiwa. Tuwauze? Watoto wako salama?

Dada wa mgonjwa, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza.

Kabla hujaendelea kusoma, ingia wodini umwambie daktari wa zamu kwamba mnakubali maji yatolewe leo. Mke wake yupo hapo, azungumze naye. Baba mdogo akifika kesho kutwa atamkuta ndugu yake ameshahudumiwa, na hakuna heshima yake itakayopungua kwa hilo. Mkimsubiri, anaweza kumkuta haoni, au asimkute kabisa. Ukishamaliza kuzungumza na daktari, rudi usome yaliyobaki, ikiwezekana umsomee na shangazi.

Ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji maangavu yasiyo na rangi. Kwa mtu mzima maji yote hayo ni kama mililita 150, hayajazi kikombe cha chai. Lakini hayakai pale kama maji ya mtungi. Mwili unatengeneza mapya wakati wote, kiasi cha mililita 20 kwa saa, karibu nusu lita kwa siku, na ya zamani yananyonywa kurudi kwenye damu kupitia vijitundu vidogo sana vilivyo juu ya ubongo. Kwa siku moja maji yote hubadilishwa kama mara tatu.

Fangasi aliyempata kaka yako anaitwa kriptokokasi. Kila kijidudu chake kimefunikwa na ute mzito, kama mbegu ya pesheni ilivyofunikwa. Wanapozaliana kwa mamilioni, wao na ute wao huziba vile vijitundu vya kutolea maji. Kiwanda cha kutengeneza kinaendelea na kazi, ila njia ya kutokea imezibwa. Fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo kinachopanda ni presha ya ndani. Presha hiyo ndiyo inayopiga kichwa na kutapisha. Inabana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho upande wa nje, mtu akaona vitu viwili viwili, na ikiendelea inabana mshipa wa kuonea wenyewe mpaka anapofuka. Mwisho inazima fahamu.

Sasa utaona kwa nini kichwa kilipoa jioni ile na kwa nini kilirudi. Sindano ilitoa maji yaliyojaa, presha ikashuka. Fangasi walikuwa bado hai, njia bado imeziba, na baada ya siku mbili maji yakajaa tena. Haikuwa sindano iliyoshindwa kazi. Dawa za kuua fangasi huchukua siku nyingi kupunguza idadi yao, na katika siku hizo hakuna kinachoshusha presha isipokuwa kuyatoa maji. Kwa ugonjwa huu kutoa maji ni tiba, ina uzito sawa na dripu ya dawa. Huko Uganda watafiti walipolinganisha wagonjwa wa aina hii, waliotolewa maji kwa mara nyingine katika siku za mwanzo walinusurika zaidi kuliko ambao hawakurudiwa.

Ndugu wengi huuliza kama hakuna kidonge au dripu ya kushusha presha ya kichwa badala ya sindano. Kwa magonjwa mengine ya ubongo zipo. Kwa huu, manitoli na vidonge vya kukojosha havisaidii, na deksamethasoni, ambayo huokoa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, hapa iliwadhuru wagonjwa ilipojaribiwa katika nchi kadhaa za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo. Mtu akikushauri uitafute famasi, usiinunue.

Nije kwa shangazi, maana hofu yake ina asili yake na haifai kudharauliwa. Anaogopa mambo mawili: kwamba sindano itachoma uti wa mgongo, na kwamba maji yataisha.

Uti wa mgongo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Mpe shangazi alama anayoweza kuishika kwa mikono yake: aweke viganja juu ya mifupa ya nyonga, pande zote mbili, kisha avute mstari wa kufikirika kukatisha mgongo. Mstari huo unapita kwenye pingili ya nne. Mahali hapo ndani hakuna uti, kuna nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea kwenye maji, na sindano ikizikaribia husogea pembeni kama tambi ndani ya mchuzi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusikia shoti ikipita mguuni mara moja. Akisikia aseme, daktari atarekebisha sindano.

Kuhusu maji kuisha, daktari akitoa mililita 20, mwili unazirudisha kwa muda wa saa moja. Kwa kaka yako, anayetolewa ili kushusha presha, hutoa kati ya mililita 10 na 30 kwa mara moja kulingana na kipimo.

Kazi yenyewe ikifanywa vizuri inakwenda hivi. Mgonjwa analazwa kwa ubavu, ukingoni mwa kitanda, magoti yamevutwa kifuani na kidevu kimeinamishwa, alivyojikunja mtoto tumboni mwa mama. Hapa ndipo ndugu anaweza kusaidia: kumshika mabega na magoti asijinyooshe ghafla, hasa akiwa amechanganyikiwa. Nesi anasafisha ngozi kwa dawa na kuiacha ikauke. Ganzi inachomwa kwanza, na hiyo ndiyo inayowasha kuliko yote, kisha wanasubiri ishike. Sindano ya maji ikiingia, inaunganishwa na mrija uliosimamishwa wima na maji yanapanda ndani yake. Urefu wa maji kwenye mrija ndiyo presha, inasomwa kwa sentimita. Kabla ya kusoma, miguu inalegezwa kidogo na mgonjwa anatulizwa, kwa sababu akijikaza tumbo au akilia namba inapanda ya uongo. Akipimwa ameketi namba pia haiaminiki. Hospitali isiyo na mrija maalumu inaweza kutumia mpira safi wa dripu na rula, na inatosha.

Presha ya kawaida haizidi 20. Ikizidi 25 kwa mgonjwa kama huyu, maji hutolewa mpaka ishuke chini ya 20, au kama ilikuwa juu mno, mpaka ifike nusu ya ilipoanzia. Kisha inapimwa tena kabla sindano haijatolewa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi: maji yanatolewa kidogo ya kupeleka maabara, mililita tatu au nne, presha haipimwi, mgonjwa anarudishwa kitandani na kichwa kile kile, na ndugu wanahitimisha kwamba sindano haina faida. Sindano hurudiwa kila siku kama presha bado iko juu au kichwa kimerudi, hadi vyote viwili vitulie kwa siku mbili mfululizo. Wengine huhitaji mara mbili tatu, wengine hufika kumi.

Madhara yapo na mna haki ya kuyajua. Maumivu ya mgongo pale ilipochomwa, siku mbili tatu. Kichwa cha aina tofauti, kinachouma mtu akikaa au kusimama na kutulia akilala; hicho huisha chenyewe ndani ya siku chache, na ni kinyume cha kichwa cha presha, ambacho huwa kibaya zaidi akiwa amelala na alfajiri. Mweleze daktari ni kipi kati ya hivyo viwili. Damu kuvuja ndani au vijidudu kuingia ni nadra. Hatari kubwa ya kweli ni moja: kama ndani ya ubongo kuna uvimbe mkubwa au jipu limesukuma upande mmoja, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ukabanwa kwenye tundu la fuvu. Ndiyo maana kabla ya kuchoma daktari humulika macho aone kama mboni zinalingana, huangalia kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, huuliza kuhusu degedege, na akitia shaka hutaka picha ya kichwa kwanza. Huahirisha pia kama damu haigandi vizuri au ngozi ya mahali pale ina kidonda chenye usaha. Muulizeni kama ameyaangalia hayo. Ni swali la haki na daktari mzuri halichukii. Jicho kuona viwili kwa sababu ya presha, peke yake, si sababu ya kuacha kuchoma kwa ugonjwa huu.

Mtoto wa jirani sijui alikuwa na nini, wala mzee wa mtaani, na sitawasemea. Ninalojua ni kwamba sindano ya mgongo huombwa kwa watu ambao tayari wako mahututi, na mara nyingi ndugu hukubali baada ya kuikataa siku tatu nne. Mgonjwa akifariki usiku ule, kinachokumbukwa ni sindano, kwa sababu ilionekana kwa macho. Ugonjwa uliokuwa unamla wiki nzima haukuonekana. Mwombe shangazi abaki ndani wakati wa kuchoma, kama wodi inaruhusu. Aone sindano inaingia wapi, aone maji yanavyopanda kwenye mrija, na akae na kaka yako saa mbili baada ya hapo.

Kuhusu dawa, ninyi mnaouguza mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka dawa tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya kama saa mbili. Ya pili ni flusitosini ya kumeza, miligramu 100 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara nne. Ya tatu ni flukonazoli miligramu 1200 mara moja kwa siku. Hizo mbili za kumeza ni kwa siku 14. Utaratibu huu ulijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 800 katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ukaonekana unafanya kazi sawa na ule wa zamani wa dripu siku saba, na hauumizi figo na damu sana kama huo wa zamani. Hata hivyo robo ya waliotibiwa hivyo walifariki ndani ya wiki 10. Nakwambia hili ili mjue kwa nini kila dozi na kila sindano ina maana.

Chukua mfano wa mgonjwa wa kilo 55. Amfoterisini yake ni miligramu 550, yaani chupa 11 za miligramu 50. Flusitosini ni miligramu 5500 kwa siku, vidonge 11 vya miligramu 500: vitatu saa 12 asubuhi, vitatu saa 6 mchana, vitatu saa 12 jioni na viwili saa 6 usiku. Dozi ya usiku wa manane ndiyo inayopotea, nesi akiwa mmoja na wagonjwa arobaini. Wekeni kengele ya simu na mmwamshe. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mwambieni nesi papo hapo, msinyamaze. Asipoweza kumeza, vidonge husagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani.

Kama kwenye hospitali hiyo kuna flukonazoli peke yake, ulizeni rufaa leo. Flukonazoli ikiwa peke yake huwadumaza fangasi polepole mno kwa mgonjwa mwenye hali hii.

Amfoterisini haichanganywi na maji ya chumvi, hugandamana. Huchanganywa na glukosi ya asilimia 5. Maji ya chumvi lita moja, mara nyingi yakiwa na potasiamu, hupewa kabla ili kulinda figo, na mpira husafishwa kwa glukosi kabla dawa haijaanza. Wakati dawa inaingia anaweza kutetemeka kwa baridi na kupata homa. Mwambieni nesi apunguze kasi na ampe parasetamo. Msikimbilie kuing'oa. Kinachonisumbua zaidi ni diklofenaki. Ndugu wakiona kichwa kinamuuma hununua diklofenaki nje ya geti la hospitali na kumpa, na dawa hiyo pamoja na amfoterisini huzipiga figo mara mbili. Parasetamo inatosha, na kama haitoshi, jibu ni kupima presha ya maji. Kreatinini, kipimo cha figo, na potasiamu zipimwe mara mbili kwa wiki, wingi wa damu na chembe nyeupe angalau mara moja, kwa sababu flusitosini hushusha chembe za damu.

Kopo la wifi libaki nyumbani. Ni kweli aliugua kwa sababu aliacha ARV, na ni kweli hatapona moja kwa moja bila kuzirudia. Lakini sasa hivi kinga yake imelala huku ubongo umejaa fangasi. ARV zikiamsha kinga mapema, askari wanaingia vitani ndani ya fuvu lisilo na nafasi, uvimbe unaongezeka na presha inapanda upya. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yake yakatoka mwaka 2014, ulilinganisha walioanza ARV wiki ya kwanza au ya pili na waliosubiri kama wiki tano. Hadi wiki ya 26, asilimia 45 ya waliowahishwa walikuwa wamefariki, dhidi ya 30 ya waliosubiri. Kwa hiyo hizo wiki kadhaa alizoambiwa, kwa kawaida nne hadi sita, si adhabu kwa kuacha dawa. Mwambieni daktari awaandikie tarehe ya kurudi CTC, kliniki ya ARV, kwenye kadi yake kabla hajaruhusiwa, kwa sababu hatari ya pili ni kusubiri kupita kiasi: mtu anajisikia vizuri, anarudi kwenye lori, wiki sita zinakuwa miezi sita. Na kliniki ijue ni dawa zipi alizokuwa anatumia na aliziacha lini, huenda wakambadilishia mchanganyiko. Akionekana pia na kifua kikuu, jambo la kawaida kwa mwenye kinga ya chini, waambieni wanaomwandikia rifampisini kwamba yuko kwenye flukonazoli, maana rifampisini hupunguza nguvu yake.

Njiwa msiwachinje wala msiwauze kwa ajili hii. Fangasi huyu anaishi kwenye udongo, kwenye mapango ya miti mikavu, na kwenye kinyesi cha ndege kilichokauka, cha njiwa zaidi. Mtu huvuta vumbi lake, na wengi wetu tulishavuta tangu utotoni, mapafu yakamfungia. Humpanda mtu kichwani kinga ikishuka sana. Hawezi kumwambukiza wifi wala watoto kwa kikohozi, sahani au kitanda. Ila kaka yako asiingie bandani kwa sasa, na anayefagia amwagie maji kinyesi kwanza kisha afagie, asitimue vumbi. Wifi apime VVU kama hajapima karibuni, na watoto pia.

Jina linachanganya watu hapa. Homa ya uti wa mgongo ni jina la magonjwa mengi. Ile inayoruka kwa mate na kuua mwanafunzi wa bweni ndani ya saa 24, ambayo mahujaji huchanjwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia, husababishwa na bakteria, na waliokuwa karibu na mgonjwa hupewa dawa ya kinga. Ya kaka yako si hiyo. Huja polepole, kwa wiki, mara nyingi shingo haikakamai na homa ni ndogo, ndiyo maana zahanati waliiona malaria na taifodi. Chanjo ya mahujaji haimzuii fangasi.

Akiruhusiwa, baada ya siku 14 za mwanzo atameza flukonazoli miligramu 800 kila siku kwa wiki nane. Kwa vidonge vya 200 ni vinne kwa siku, 224 kwa jumla, na ni vizuri mjue hesabu hiyo mnapochukua dawa. Famasi nyingi zina kidonge cha miligramu 150, kile cha fangasi wa ukeni, kinachouzwa kimoja kimoja. Msihesabu vidonge, hesabuni miligramu. Baada ya hapo ni 200 kila siku kwa angalau mwaka mmoja, mpaka CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ipande na daktari aseme basi. Kipimo cha damu cha CrAg, kinachotafuta alama za fangasi huyu, kitaendelea kuonyesha ana ugonjwa kwa miezi mingi hata akiwa amepona, kwa hiyo mtu asiwatishe kwa karatasi hiyo. Kinachomrudisha hospitali siku ile ile ni kichwa kipya kinachozidi, kutapika, kuona viwili tena, degedege au kuchanganyikiwa. Kuona viwili hurekebika polepole kwa wengi, wiki hadi miezi. Uoni uliofifia kabisa mara nyingi haurudi wote, na hilo ni jingine la kumweleza shangazi leo.

Kwa wasomaji wengine walio na ndugu aliyeacha ARV, au aliyegundulika akiwa amekonda na CD4 chini ya 200: ombeni CrAg ya damu kliniki. Ni kipimo cha utepe, majibu ndani ya dakika 10, na humwona fangasi kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Akikutwa naye bila dalili hupewa flukonazoli mapema, na hushauriwa maji ya mgongo yapimwe ili kujua kama ameshafika kichwani.

Na wewe, ukirudi wodini, muulize daktari wa zamu presha ilikuwa sentimita ngapi mara ya kwanza, ngapi mara ya pili, na ilishushwa hadi ngapi. Ziandike kwenye daftari pamoja na saa. Ya leo iandike chini yake, ili baba mdogo akifika aone mwenyewe namba zinaelekea wapi.